Jina la Binti wa Koplo

Siku tisa baada ya kuzaliwa, mtoto yule alikuwa bado hana jina. Kadi aliyopewa mama yake katika zahanati ilionyesha tarehe, uzito wa kilo tatu na robo, na alama ya chanjo ya kwanza. Lakini katika mstari wa jina muuguzi aliandika kwa penseli, "Mtoto wa kike", akaacha hapo. "Mtakaporudi kwa chanjo ya wiki ya sita," alisema, "njooni na jina lake."

Kambini, katika laini ya askari wenye familia, jambo hilo halikumshangaza mtu. Wavulana wawili waliotangulia walikuwa wamepewa majina ya babu zao, wa upande wa baba na wa upande wa mama, na deni la wazee likahesabiwa kuwa limelipwa. Huyu wa tatu, binti wa kwanza, alikuwa huru. Mama yake, Mganda wa Mukono, alipendekeza majina mawili matatu aliyoyasikia kanisani. Baba yake, koplo Mwacholi kutoka Kitgum, alinyamaza kila yalipotajwa. Jioni ya siku ya tisa alifungua sanduku lake la bati, akatoa kijitabu kilichochakaa pembe, kisha akachukua kalamu ya wino na kuandika katika kadi herufi nne: Ubax.

"Linasomwaje, Baba watoto?" mkewe aliuliza.

Koplo alilitamka polepole. Kwanza u, halafu ba, kisha pumzi nzito itokayo ndani ya koo, kama ya mtu anayepuliza kioo kabla ya kukifuta. Maana yake kwa Kisomali, alisema, ni ua.

Wazazi wengi siku hizi hutamani jina lisilo la kawaida. Wapo wanaolitafuta kwa sababu darasani mna akina Grace wanne na akina Fatuma watano, na mwalimu akiita mmoja huitika wote. Wapo wanaolitafuta ili mtoto aonekane wa kisasa. Sababu ya koplo haikuwa mojawapo ya hizo, na ndiyo maana haikuwa rahisi kumpinga.

Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza Mogadishu mwezi Machi 2007, chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Zamu ya koplo ilifika miaka mingi baadaye. Katika doria kikosi chake kilifuatana na mkalimani, Msomali aliyejifunza Kiswahili alipokuwa mkimbizi nchini Kenya. Asubuhi moja, walipokuwa wakiingia katika barabara waliyoizoea, mkalimani alimshika koplo mkono. "Hapa kila siku kuna watoto wanaocheza," alisema. "Leo hakuna hata mmoja. Usikanyage." Wataalamu wa mabomu walipokuja, walifukua kitu kilichofukiwa hatua ishirini tu mbele ya pale waliposimama. Jioni ile koplo alimwuliza mwenzake amlipe nini. Yule bwana alicheka, akasema hana anachodai. Alipobanwa sana, alichukua kijitabu cha koplo na kuandika ndani yake jina la binti yake mdogo. "Ukijaliwa msichana," alisema, "nao wawe majina."

Mke aliposikia habari hiyo, ambayo mumewe hakuwahi kumsimulia, hakuwa na neno. Mtu hawezi kumnyima jina mtoto wa yule aliyemrudishia mumewe akiwa hai. Alikubali usiku ule ule, ingawa alipolijaribu jina lile pumzi ya mwisho ilimponyoka, naye akajiambia kuwa atalizoea.

Wiki ya sita ilipotimia alikwenda zahanati asubuhi na mapema, akaweka kadi juu ya meza pamoja na za wenzake, akakaa benchini. Kadi ziliitwa moja moja. Muuguzi akaita, "Ubaksi!" Hakuna aliyeitika. Akaita tena kwa namna nyingine, "Yubeksi!" Akina mama walitazamana, na huyu naye akatazama huku na huko pamoja nao, akimhurumia mwenye mtoto huyo ambaye bila shaka alikuwa ametoka nje. Kadi ikawekwa chini kabisa ya nyingine. Alipofikiwa ilikuwa imekaribia saa saba mchana, na mtoto alikuwa amelia hata sauti imemkauka.

Alirudi kambini hana uso. "Jina la mwanangu limeitwa mara mbili," alimwambia mumewe, "nami nimekaa kama mgeni."

Kosa halikuwa la muuguzi. Alisoma kile alichofundishwa shuleni, kwamba herufi x husomeka kama k na s zilizoshikana. Wasomali wana utaratibu wao. Lugha yao ilianza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na waliochagua herufi hizo walikuwa na sauti ambazo alfabeti ya Kiingereza haizijui. Kwa kuwa x haikuwa na kazi katika lugha yao, waliipa kazi ya kuandika ile h nzito ya kooni ambayo hata Waarabu wanayo. Na c wakaipa ile sauti ya ayn. Ndiyo sababu jina la Hassan Sheikh Mohamud, aliyechaguliwa mara ya kwanza kuwa rais wa Somalia mwaka 2012, huandikwa nyumbani kwake Xasan Sheekh Maxamuud. Na Ali wa kwetu huko huandikwa Cali. Msomali akiona Ubax hasiti hata kidogo. Ila mtoto huyu hakuzaliwa Mogadishu. Alizaliwa Uganda, na angeitwa na Waganda, Waacholi, Wanyankore, Walugbara na Wateso, kila mmoja kwa ulimi aliorithi.

Hilo lilionekana jioni ile ile. Mama mkwe alikuwa amewasili kwa basi kutoka Kitgum kuja kumwona mjukuu, na majirani walikuja kumwamkia. Koplo, kwa nia ya kumtuliza mkewe, aliwafundisha wote jina. Wakaanza kulijaribu kama darasa.

Bibi alijaribu kwanza. Kiacholi cha asili hakina s wala h. Sukari kwao ni cukari, na Biblia yao humwandika Yesu kuwa Yecu, c ikitamkwa kama ch ya Kiswahili. Basi pumzi ya mwisho ilimpotelea, akasema, "Ubaa", ambalo halikuwa mbali na ubaya. Jirani Mnyankore, ambaye lugha yake ina h tele lakini haipendi neno liishie bila irabu, alisema, "Ubaha." Kisha akaja mdogo wake mke wa koplo, msichana wa miaka kumi na minne aliyekuwa akimsaidia dada yake kazi za nyumbani. Kiganda nacho hufunga neno kwa irabu, na h si sauti yake. Ruth kwa Kiganda ni Luusi, na Elizabeth ni Erizabeesi. Masikio ya msichana yule yaliposikia mkwaruzo wa kooni yaliuchukua kuwa k, na ulimi wake ukamalizia kwa irabu kama ulivyozoea. "Ubaka," alisema kwa furaha, akiona amefaulu kuliko wote.

Watoto waliokuwa mlangoni wakalidaka. Ni jepesi, lina mdundo, linaimbika. Wakaenda nalo wakikimbia kando ya laini, "Ubaka! Ubaka!" hata sauti zao zikafika penye uwanja wa gwaride.

Ndani ya nyumba paliingia kimya. Kiswahili ni lugha ya kambi tangu zama za wakoloni, na mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa ili kiwe lugha rasmi ya pili. Hapakuwa na mtu mzima pale asiyejua neno hilo lina maana gani kwa Kiswahili. Linakumbusha unyama anaotendewa mwanamke kwa nguvu, kosa ambalo sheria za Uganda zinaweza kuliadhibu hata kwa kifo, na ambalo askari huonywa juu yake kila anapotumwa mbali na nyumbani. Na watoto walikuwa wakiliimba kwa ajili ya kichanga cha wiki sita.

Wageni waliaga mmoja mmoja. Usiku mume na mke walisemezana kwa sauti ya chini, kwa kuwa kuta za kambini ni nyembamba.

"Jina halina kosa," koplo alisema. "Kosa ni la masikio ya watu. Tutawafundisha."

"Utawafundisha wangapi, Baba watoto? Mwalimu wa darasa la kwanza utamfundisha. Na wa la pili? Na karani? Na makonda wa teksi? Mtoto hataishi ndani ya kijitabu chako. Ataishi midomoni mwa watu. Akifika miaka kumi na mitatu, wavulana wakamwita hivyo njiani, utakuwapo?"

"Basi nimwambie nini yule aliyeniokoa? Kwamba jina la mwanawe limetushinda?"

Hakuwa na jibu la hilo. Walijaribu kuandika Ubah, kama Wasomali walioko Uingereza na Marekani wanavyoandika mara nyingi. Macho yaliridhika; muuguzi angelisoma bila kukwama. Ila watoto wa laini hawakujifunza jina kwa macho. Walikuwa wamelijifunza kwa masikio, na neno likishaingia katika mchezo wa watoto halitolewi kwa kubadilisha tahajia.

Mama mkwe hakuwa amelala. Asubuhi, akimwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu, alizungumza bila kumtazama mwanawe.

"Mimi ni Lakot, kwa kuwa siku niliyozaliwa mvua ilinyesha. Jina langu halina ugumu kwetu. Lakini marehemu baba yako alipoandikishwa kazi, karani aliyekuwa akijaza jalada alikuwa mtu wa lugha isiyo na l, aliandika alivyosikia: Rakoti. Baba yako hakuona, au aliona akadhani ni kitu kidogo. Alipofariki nilikwenda kudai haki yake. Wakaniambia mjane wa marehemu ni Rakoti, nami kitambulisho changu kinasema Lakot. Nilikwenda mara tatu, kwa basi, kwa barua ya mwenyekiti wa kijiji, kwa kiapo mbele ya hakimu. Nilithibitisha kuwa mimi ni mimi. Wakati huo wewe ulikuwa ukifukuzwa shuleni kwa ajili ya karo."

Alimkausha mtoto, akampaka mafuta. "Mwanangu, mimi sikatai jina la Msomali. Ninachouliza ni kama binti huyu ataweza kulidai."

Kisha akaongeza jambo ambalo kwake halikuhitaji mjadala. Waacholi huyasoma majina mengi katika hali ya kuzaliwa. Akello hufuata pacha. Lakot huja na mvua. Na msichana aliyezaliwa mbali na nyumbani, ugenini, ni Atim. Mtoto huyu alizaliwa kambini, mwendo wa siku nzima kutoka Kitgum. "Jina moja analo tangu alipotoka tumboni," alisema. "Mnatafuta la pili."

Jumapili ile koplo alipiga simu Mogadishu. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi kama mtu aliyevunja ahadi. Alieleza yote, hata yale ya aibu, na upande wa pili ukanyamaza kidogo. Kisha mkalimani akacheka kicheko kile kile.

"Ndugu yangu Koblo," alisema, "mwaka mzima nilikuita hivyo. Uliwahi kunisahihisha?"

Hakuwahi. Kisomali hakina sauti ya p. Polisi kwao ni booliis. Tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho koplo alikuwa Koblo, akaitika kila mara bila hata kuwaza, kwa kuwa aliyemwita alikuwa rafiki, na kwa kuwa Koblo halikumdhuru kwa lolote.

"Lakini hilo la watoto wenu," mkalimani aliendelea, "lingemdhuru. Hata mimi nisingependa jina la mwanangu lifanyiwe hivyo. Wewe unajua maana yake. Hiyo maana, kwa Kiswahili, si ipo?"

Ipo. Ua ni fupi mno na lina maana nyingine zisizofaa, kwa kuwa kuua nako kunanusa humo, na hakuna askari anayetaka kumwambia mwanawe, "Ua!" Kwa Kiganda lipo jina la Nakimuli, linalotokana na ekimuli, yaani ua, nalo ni zuri, lakini majina ya asili ya Baganda ni mali ya koo, hutolewa kwa upande wa baba, na binti wa Mwacholi hana haki ya kulichukua. Ndipo mke, aliyekuwa akisikiliza simu kwa sikio la pembeni, alipotaja jina linalojulikana sana pwani ya Kenya, Tanzania na Visiwani, lakini ambalo katika laini yote ile hapakuwa na mtoto mwenye nalo: Maua.

Walilipima kabla ya kulisherehekea, maana walikuwa wameshaungua mara moja. Mke alisimama mlangoni jioni na kuliita kwa nguvu, kama atakavyomwita siku atakapokuwa akicheza mbali. Sauti ikaenda vizuri, kwa kuwa a ya mwisho ni wazi na haikatiki hewani. Bibi akalisema mara tatu bila kupoteza kitu. Mnyankore akalisema, Mlugbara akalisema, na yule msichana wa miaka kumi na minne akalisema bila kuongeza wala kupunguza. Walimpa mtoto wa jirani wa darasa la tatu penseli, wakamtajia, akaandika herufi zile zile nne walizozitaka. Hatimaye wakaliandika katika karatasi na kumpa koplo mwingine aliyekuwa akipita. Alisoma mara moja, akaenda zake.

Mkalimani alipoarifiwa alisema, "Mimi nilikupa ua moja, nawe umepokea maua. Biashara hiyo umenishinda."

Yafaa wazazi wa makambini na vituoni wayatafakari haya, kwa kuwa wao, kuliko wanakijiji, huwalea watoto wao kati ya lugha nyingi na kuhamishwa mara kwa mara. Jina lisilo la kawaida si kosa. Huenda likawa na historia kubwa kuliko yale yanayopatikana kila nyumba. Hata hivyo, kabla halijaandikwa kwa wino, na liitwe kwa sauti kutoka mlangoni. Lisemwe na mzee wa upande wa baba na mzee wa upande wa mama. Liulizwe maana yake katika lugha za majirani, na hasa katika Kiswahili. Liandikwe na mtu aliyelisikia tu, kisha lisomwe na mtu asiyewahi kulisikia. Pale ulimi unapoteleza kidogo tu, kama Koblo, hapana hasara. Pale unapoteleza na kuangukia katika aibu, mtoto ndiye atakayeumia, na wazazi hawatakuwapo kumweleza kila mpita njia kisa cha jina lake.

Likishachaguliwa, liandikwe kwa herufi zile zile na kwa mpangilio ule ule kila mahali: katika kadi ya zahanati, katika cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, katika jalada la baba la wategemezi, na katika daftari la shule. Mzazi asione haya kumwomba karani ageuze karatasi ili aisome kabla ya kutia sahihi. Herufi moja iliyopotoka husahihishwa kwa dakika moja siku ile ile. Ikiachwa miaka ishirini, huhitaji viapo, nauli na machozi. Bibi Lakot ni shahidi.

Wiki ya kumi ilipofika, mke wa koplo alikwenda tena zahanati. Mstari wa jina ulikuwa umekatwa kwa rula na juu yake pameandikwa upya. Muuguzi alichukua kadi ya tano, akaita, "Atim Maua!" Mama yake aliinuka kabla neno halijaisha.

Lile la kwanza halikutupwa. Kijitabu kimerudi sandukuni, na ukurasa wenye mwandiko wa mkalimani haujachanwa. Koplo anapotoka zamu usiku humwinua binti yake na kumwita sikioni Ubax, kwa pumzi ile nzito ya kooni, polepole, kama alivyofundishwa. Mtoto hugeuza kichwa. Mkewe humsikia akiwa kitandani na hajawahi kumkataza.